Kahawa Kabla ya Bisibisi

Katika karakana ya Sista hakuna boksi lililofunguliwa kabla mgeni hajatafuna kahawa. Mwanzoni nilidhani ni ukarimu wetu wa kawaida. Karagwe nzima mgeni akiingia hupewa akamwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, azitafune taratibu huku akitafuta pa kuanzia maneno yake. Lakini kwa Sista mgeni hakuletewa kahawa, alitumwa. Aliambiwa aende kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, achukue kisahani cha bati chenye buni, akilete mezani. Awe mwalimu mkuu, awe dereva wa lori, awe Padri mwenyewe, alikwenda. Wengi waliona ni mtawa aliyechoka miguu. Mimi niliona ni kiburi, nikakaa nikingoja nafasi ya kumwambia.

Sijui alizaliwa wapi, wala sikuhangaika kujua. Wapo waliosema wazazi wake walitoka Burundi, wengine wakasema Rwanda, na mama yangu, ambaye hakuwahi kumpenda sana, alisema ni wa Kihanga hapohapo ila anajificha. Yeye mwenyewe akiulizwa alijibu kwamba ametoka karakana na anarudi karakana. Karakana yenyewe ilikuwa chumba kirefu nyuma ya misheni, upande wa Nyabiyonza, baina ya shamba la migomba na banda la jenereta. Alivaa vazi lake la kijivu, juu yake aproni ya turubai iliyoungua matobo matobo kwa cheche za risasi ya kulehemu, na miguuni kandambili za mpira, masika na kiangazi. Alisema viatu vya ngozi ni vya kanisani, huko hakuna waya.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu nilipoanza kumzoea, katikati ya miaka ya tisini. Sekondari ya wasichana iliyokuwa jirani na misheni ilinipa vipindi vya hesabu kwa muda, na shule hiyohiyo ilikuwa imeletewa kompyuta za mitumba kutoka Ulaya, zimefungashwa pamoja na masweta. Kompyuta chache ziliwaka. Nyingine zilikaa kimya, na mara nyingi ugonjwa ulikuwa kwenye pawa saplai, lile boksi la chuma lililo nyuma, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kuwa umeme mdogo ambao kompyuta inaweza kuumeza. Kazi yangu ikawa kuyabeba yale maboksi kumpelekea Sista.

Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, Sista." Watu wote pale walisema "Tumsifu Yesu Kristo", nami nilikuwa nimeamua, kwa sababu nilizoziona nzito sana wakati ule, kwamba sitasema.

"Marahaba," akajibu bila kuinua macho. "Na Yesu umemwacha chuoni?"

Nikamwambia kwamba bado namchunguza. Akasema vizuri, hata yeye hachomeki kitu ambacho hajakichunguza, basi niende nikalete kahawa.

Kanuni yake juu ya vitu vya mitumba ilikuwa fupi: hata shati la mtumba unalifua kabla ya kulivaa. Hakukubali kuchomeka pawa saplai yoyote iliyotoka safarini eti kwa sababu imeandikwa kwamba ilijaribiwa. Alianza kwa kuinusa. Kilichoungua hakifichi harufu yake, alisema, hata kikivuka bahari. Kisha aliitikisa karibu na sikio, kwa sababu skrubu moja iliyolegea ndani ikigusa mahali pabaya inatosha kuua. Kisha aliangalia nyuma, kwenye kile kiswichi chekundu cha kuchagua nguvu ya umeme, kwa kuwa zipo nchi zinazotumia nusu ya umeme wetu, na boksi lililowekwa kwa nchi hizo likichomekwa kwetu hupasuka kabla hujasema amina. Ndipo alipofungua. Ndani ya yale yaliyokwisha kukaa stoo kwetu alitoa viota vya udongo vya nyigu, mayai ya mijusi, na vumbi letu jekundu lililoganda kwenye feni kama ugoro.

Baada ya hapo alikuja "mlinzi". Hii ilikuwa balbu ya kawaida aliyoiunga katika njia ya umeme, ili umeme wowote unaokwenda kwenye boksi upitie kwanza kwenye balbu. Boksi likiwa zima, mlinzi alimeta mara moja akafifia. Boksi likiwa na hitilafu kubwa ndani, mlinzi aliwaka kwa nguvu zote akabaki hivyo, na badala ya mlipuko ukapata mwanga tu. Nilipenda jambo hilo. Ni nadra kukuta hatari iliyogeuzwa kuwa taa ya kusomea.

Hakuishia hapo. Upande wa pili wa boksi alifunga balbu ya breki ya gari, iwe mzigo, maana pawa saplai za wakati ule zikikosa mzigo ama haziwaki ama zinatoa vipimo vya uongo. "Asiyebeba kitu husema yote mazuri," alikuwa akisema, na wakati mwingine alisema hivyo huku akimtazama Padri. Mzigo ukishawekwa ndipo alipopima kila waya kwa mita, mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni mwa aproni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Boksi lililofaulu aliliacha likiwaka na mzigo wake asubuhi nzima. Alisema kupona kwa dakika tano hata mgonjwa wa malaria hupona.

Alikuwa mvumilivu kwa maboksi na mkali kwa watu. Karani mmoja wa ushirika wa kahawa alileta pawa saplai ambayo fyuzi yake ilikuwa imezungushiwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Akajitetea kwamba fyuzi zinakatika mno, na karatasi haijakatika hata siku moja. Sista alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama nyumbani kwake mbwa akibweka sana huwa anamkata ulimi. Fyuzi haifi bure, akamwambia. Ukiikuta imekufa usikimbilie kutafuta nyingine, tafuta aliyeiua. Karani aliondoka bila boksi, akarudi kulichukua baadaye akiwa mpole kabisa, na kahawa alikwenda kuichukua kabla hajatumwa.

Lakini mwanamke huyu aliyechukia uongo wa karatasi ya sigara alikuwa na uongo wake. Alipenda mpira kupita kiasi. Redio za wateja zilizokwisha kupona zilibaki mezani "kwenye majaribio", na majaribio hayo, nilikuja kugundua, yaliangukia siku za mechi. Mama Mkuu akichungulia mlangoni, Sista aliinamisha sikio kwenye spika na kukunja uso kama daktari. "Sauti bado ina mikwaruzo," alisema, hali mtangazaji anapiga kelele za goli. Nilimuuliza kama hiyo si dhambi. Akasema ni dhambi ndogo yenye mzigo mkubwa, kwa sababu timu yake ilikuwa inafungwa.

Nilimuuliza mambo mengi. Kwa nini anasali kabla ya kuchomeka, kama ana mlinzi? Akasema sala ni kwa ajili yake mwenyewe, mlinzi ni kwa ajili ya boksi, na hajawahi kuvichanganya. Kwa nini haazimi bisibisi zake, naye kila Jumapili anaimba kuhusu kutoa? Akasema wimbo ule unataja moyo, hautaji bisibisi. Binti, akaniambia siku moja, wewe unauliza kama hakimu aliyenyimwa chai.

Swali moja tu ndilo lililomsimamisha. Ndani ya pawa saplai mna kapasita mbili kubwa, mfano wa mikebe midogo, zinazohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Zina uwezo wa kukurusha ukutani wakati boksi halijaungwa na kitu chochote. Sista alifahamu hilo vizuri, na tangu zamani desturi yake ilikuwa kuchomoa, kutafuna kahawa bila haraka mpaka utamu uishe ibaki maganda, ndipo kuingiza mkono. Alisema kufikia wakati huo kapasita zimekwisha kujimwaga. Nikamuuliza nani alipima. Akasema miaka ilipima. Nikamwambia miaka haina sindano ya mita.

Basi tukapima. Tulichukua boksi moja baada ya jingine, kila moja limechomolewa kwenye jenereta muda huohuo, tukatafuna kahawa yetu mpaka maganda, na tukaweka mita. Kwenye maboksi kadhaa alikuwa sahihi, sindano haikutikisika. Kisha likaja moja ambalo sindano iliruka ikavuka mia mbili na kukaa hapo. Sista alilisogeza karibu na dirisha, akaliangalia sana. Rizista ndogo inayomwaga chaji ilikuwa imekatika, ufa wake mwembamba kama unywele. Kahawa ya siku nzima isingeyatoa maji yale kwenye mtungi.

Nilitarajia atajitetea. Alichukua balbu yenye waya mbili, akagusisha kwenye miguu ya zile kapasita, balbu ikawaka ghafla na kuzimika, akapima tena, sifuri. Tangu siku hiyo utaratibu ukawa mita kwanza, balbu, kisha mita tena, na aliwatangazia wote waliofika pale kwamba kahawa ilikuwa inawadanganya. Alilisema hivyohivyo, bila kutafuta maneno ya kulipunguza. Kitu ambacho sikukielewa ni kwamba kisahani cha bati kilibaki. Wageni waliendelea kutumwa rafuni.

Nilikuja kuelewa kwa sababu ya Fundi.

Fundi alikuwa mtu wa Igurwa, msaidizi wake kabla sijamjua mimi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini. Meza ile ndefu ya kazi aliichonga yeye. Aliugua muda mrefu kwao, akarudi amekonda, akasema amepona. Sista akafurahi sana, akamtania kwamba suruali yake sasa inamtosha pamoja na mgeni. Kisha akamwambia alete kahawa. Fundi alikuja na kisahani kutoka dirishani, na njia nzima tulizisikia buni zikigonga bati, taratataratata, kama kuku wanaodonoa punje kwenye sinia. Sista akatafuna zake. Halafu akamwambia leo atashika redio za betri. Redio za betri haziui mtu.

Wiki iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata tena. Hapo ndipo nilipojua kisahani kile kilikuwa kwa ajili gani. Alikuwa anaisikiliza mikono ya watu. Mlevi, mwenye homa, mwenye hasira, aliyetoka kugombana na mkewe, wote kisahani kiliwasema kabla hawajashika bisibisi, na hakuna aliyeaibishwa, maana hawakujua kwamba wamepimwa. Fundi alijua. Alisimama mbele ya meza, akaanza na ile waitu ya heshima.

"Waitu, Sista. Mikono hii ndiyo iliyokujengea meza hii."

"Ndiyo," Sista akasema. "Ndiyo sababu naitaka iwe hai."

Fundi akachukua koti lake. Tulisikia baadaye kwamba amefungua kibanda cha redio upande wa Kyerwa.

Nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia Sista kwamba kanuni inayomfukuza rafiki ni kanuni ya mtu ambaye hajawahi kufukuzwa, na kwamba yeye hakibebi kisahani kamwe, hubebewa. Na mikono yake ikianza kutetemeka, nani atamwambia?

Alikuwa anafunga skrubu ya mwisho ya boksi fulani. Aliimaliza kwanza. Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Shirika lao lilikuwa na nyumba ya masista wazee, huko karibu na ziwa, bustani nzuri, chakula laini, na vitambaa vya altare vya kufuma kuanzia asubuhi hadi jioni. Mtawa asiyeweza tena kazi yake hupelekwa huko. Umeme wa misheni nzima, akasema, haujawahi kumtisha kama vile vitambaa.

"Si wewe ndiye muulizaji?" akaniambia. "Siku hiyo utaniuliza. Usinionee huruma."

"Na nikiogopa?"

"Basi maswali yako yote yalikuwa ya watu wasiokuhusu."

Nilicheka, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na kitu na niliona siku hiyo iko mbali kama kustaafu kwangu mwenyewe. Nikarudi chuoni, nikamaliza, nikapata kazi Mwanza. Mara chache nilizokuja kumwona mama nilipita karakana, nikabeba kisahani, tukabishana juu ya Mungu na kipa wa timu yake, nikaondoka. Naandika haya bado sijaamini nusu ya aliyoyaamini. Lakini hadi leo sichomeki kitu ambacho sijakinusa.

Mara ya mwisho ninayotaka kuisimulia nilifika mchana, mwisho wa masika. Shule ilinipa pawa saplai nimpelekee, kama zamani, na mwalimu aliyenipa alisema maboksi mengine yako huko tangu Krismasi. Nilimkuta ameketi kando, si kwenye kiti chake cha kazi, mikono ameiingiza kwenye mikono mipana ya vazi lake, ingawa hapakuwa na baridi. Kwenye meza ya Fundi maboksi yalipangwa safu, yamefunikwa shuka safi kama maiti wa heshima.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Uchunguzi wako bado?"

"Bado."

"Usiharakishe, ameshazoea kungoja. Lete kahawa."

Nilikwenda rafuni. Nilipokiinua kile kisahani nilihisi kina uzito mwingine. Chini ya buni kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, cheupe, kimeshonwa pembeni kwa uzi mwembamba. Nilitembea nacho hadi mezani na hakuna buni hata moja iliyosema kitu. Ningeweza kuwa mlevi, ningeweza kuwa na homa, kisahani kisingenisema.

Nilijua aliyekiweka, na nikajua kwa nini. Anayewabana wengine kwa kisahani kinachosema, halafu hawezi kukibeba mwenyewe, ana njia mbili, kukiri au kukinyamazisha, na Sista alikuwa amechukua ile ambayo angemfokea karani wa ushirika. Hii ilikuwa karatasi yake ya fedha ya sigara. Alinitazama nikikitazama kitambaa. Nje jenereta ilikuwa inapanda na kushuka. Nikaona kwamba ameketi ananingoja, si kwa hofu wala kwa kusihi, kama mtu aliyeweka mita na anangoja sindano itulie.

Nikazimwaga buni kwenye kiganja, nikatoa kitambaa, nikazirudisha. Nikakipeleka kisahani kule kilikotoka. Kisha nikarudi nikaketi kwenye kiti chake cha kazi, ambacho sikuwa nimewahi kukikalia.

"Sista," nikasema, "leo niletee wewe kahawa."

Aliitoa mikono kwenye vazi lake. Halafu akainuka, kandambili zikaburuta sakafuni hadi dirishani. Alikishika kwa mikono miwili. Tangu hatua ya kwanza buni zilianza kugonga bati, na hakujaribu kuzinyamazisha, hakuharakisha, alikuja nazo chumba kizima zikisema yote, hadi mezani. Akakiweka chini. Buni zikatulia.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Mimi nasikia tangu mwaka jana." Akaketi kwenye kigoda cha wageni, akachukua buni moja, akaitia mdomoni. Alitafuna mpaka maganda, nami nilitafuna zangu, na kwa mara ya kwanza hatukubishana. Kisha akaniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia Mama Mkuu, nisije nikajifanya mjumbe. Huenda wakampeleka kwenye vitambaa. Huenda wakamwachia kigoda hiki, awe anaelekeza kwa maneno huku wengine wakishika vifaa, maana ulimi wake bado haujatetemeka. Ila nikipita Kyerwa nimtafute Fundi. Sista amesikia kwamba mikono ya Fundi ilishatulia zamani, na yeye mwenyewe amekuwa na ulimi mrefu wa kufukuza na mfupi wa kuita.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie meza yake imelala. Na mwambie kisahani ni kilekile, asije akadhani nimekilainisha."

Nilisogeza lile boksi la shule mbele yangu. Nilinyoosha mkono kwa bisibisi, nikasita, kwa sababu bisibisi zile hazikuwahi kuazimwa. Akatikisa kichwa kunikubalia, kisha akaniuliza kama Mwanza wamenifundisha kuanza kwa chuma. Nikainamisha pua kwenye boksi, nikalinusa.

"Sasa nisogezee ile redio," akasema. "Ile ya betri."

Nikamsogezea. Aliipakata magotini, vidole vikihangaika juu ya kitufe mpaka kikakubali, na sauti ya mtangazaji ikajaa karakana. Nikamuuliza kama leo kuna mechi.

"Kuna majaribio," Sista akasema, akainamisha sikio.